"Kitabu cha mazoezi" ni kipi hasa? Karatasi, forodha na programu yangu ndogo



Leo naomba tuziweke kando simu mpya na mifumo endeshi, tuzungumze kuhusu daftari. Daftari lilelile la mwanafunzi, lenye mistari ya samawati na jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nimekaa nalo wiki kadhaa sasa, mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta, na nawaambia kweli: sijakutana na kitu kidogo hivi kilichobeba mantiki nzito hivi.

Chanzo ni shangazi yangu. Ana duka la vifaa vya kuandikia hapa Kinango, na kwa miaka mingi amekuwa akinunua mali Mombasa kwa bei ya jumla. Mwaka jana yeye na wenzake watatu waliungana wakaagiza mzigo wao kutoka India, kila mtu na sehemu yake ndani ya kontena la kushirikiana. Mzigo ulishushwa Kilindini, wakala akautoa, kila mmoja akabeba maboksi yake. Baadaye akaniita dukani. "Mwanangu, wewe na kompyuta zako, hebu nisomee hizi karatasi. Mbona ushuru umekula faida yote?"

Nikasoma. Katika tamko la forodha, maboksi yake yote ya vitabu yalikuwa kwenye mstari mmoja, kwa nambari moja: 4820.20.00.

Hapo ndipo safari ilipoanzia.

NAMBARI HII NI NINI?

Kila bidhaa inayovuka mpaka duniani inapewa nambari. Mfumo wenyewe unatunzwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kwa kifupi unaitwa HS. Una sehemu 21 na sura 97, na zaidi ya nchi na maeneo 200 wanautumia. Sura ya 77 iko tupu, imewekwa akiba kwa matumizi ya baadaye. Mprogramu yeyote aliyewahi kuacha nafasi wazi katika jedwali lake atatabasamu hapo.

Tarakimu mbili za kwanza ni sura. 48 ni karatasi na vitu vilivyotengenezwa kwa karatasi. Mbili zinazofuata ni kichwa: 4820 ni leja, vitabu vya risiti, madaftari, pedi, mafaili na ndugu zao. Mbili zinazofuata ni kichwa kidogo: 4820.20 ni daftari la mwanafunzi. Hadi hapo dunia nzima inakubaliana. Tarakimu mbili za mwisho ni zetu sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nambari hiyo ndiyo inayoita kiwango cha ushuru. Ushuru wetu wa pamoja ulipoanza Januari 2005 ulikuwa na ngazi tatu: 0% kwa malighafi, 10% kwa bidhaa za kati, na 25% kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, 35%. Mantiki yake inaeleweka: karatasi inayokwenda kiwandani ipite kwa urahisi kuliko daftari lililokwisha kushonwa, ili mtu wa kiwanda cha Nairobi apate kazi.

Sasa angalia kinachotokea kwa mfuko wa mtu. Chukua mzigo wa Sh100,000. Kwa ngazi ya 25%, ushuru ni Sh25,000, na VAT ya 16% inahesabiwa juu ya Sh125,000, yaani Sh20,000. Jumla Sh45,000. Kwa ngazi ya 0%, na VAT ikiwa ileile, unalipa Sh16,000. Tofauti ni Sh29,000, na tozo nyingine sijazigusa. Mali ni ileile na meli ni ileile. Kilichobadilika ni tarakimu.

Kwa duka la Kinango, Sh29,000 si mchezo. Huku kwetu kukame, mzazi akitaka kumrudisha mtoto shule Januari mara nyingi anauza mbuzi kwanza. Bei ya daftari ikipanda, haipandi kwenye jedwali la Excel, inapanda kwa huyo mbuzi.

KITABU CHA KUSOMA NA KITABU CHA KUANDIKIA

Jirani wa sura ya 48 ni sura ya 49: vitabu vilivyochapishwa, magazeti, picha, ramani. Kitabu cha kusoma kiko 4901, na kwetu kinaingia kwa 0%. Hii si huruma ya ghafla. Tangu 1950 kuna Mkataba wa Florence, uliosimamiwa na UNESCO, unaozitaka nchi wanachama zisitoze ushuru wa forodha kwa vitabu na vifaa vya elimu. Kenya imo. Lakini mkataba huohuo unataja waziwazi kwamba vifaa vya kuandikia havimo katika msamaha wa vitabu. Kwa maneno mengine, kitabu kilichojaa kinapita, kitabu kitupu kinalipa.

Mstari kati ya 48 na 49 uko wapi? Maelezo ya sura ya 48 yanasema hivi, kwa maneno yangu: karatasi iliyochapishwa maandishi au picha inahamia sura ya 49 ikiwa uchapishaji huo si jambo la pembeni tu kwa matumizi makuu ya kitu chenyewe. Bahasha yenye nembo ya kampuni inabaki bahasha, 4817, kwa sababu kazi yake ni kubeba barua. Kalenda inakwenda 4910, kwa sababu bila tarehe zilizochapishwa hakuna kalenda.

Sasa rudi kwenye maboksi ya shangazi. Yalikuwa na vitabu vya aina tatu. Kwanza, madaftari ya kawaida ya mistari. Pili, vitabu vya mwandiko, vile vyenye herufi za nukta ambazo mtoto wa chekechea anazipitia kwa penseli. Tatu, vitabu vya hesabu vyenye maswali yaliyochapishwa na nafasi ya kujaza majibu, vile ambavyo wazazi wanavitafuta sana tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019.

Shangazi katika orodha yake aliviita vyote jina moja: vitabu vya mazoezi. Na hakukosea! Hivyo ndivyo tunavyosema. Ankara ya muuzaji ilitaja vifaa vya kuandikia tu, basi wakala akaishika orodha, akaona "vitabu vya mazoezi", akaandika 4820.20 kwa kila boksi.

Lakini Shirika la Forodha Duniani limechapisha maelezo ya ufafanuzi, na suala hili limo ndani. Daftari la mwanafunzi linabaki 4820 hata likiwa na mifano ya mwandiko ya kunakili. Kitabu chenye maswali au mazoezi yaliyochapishwa ambayo si ya pembeni, hata kama kina nafasi za kujaza kwa mkono, kinatoka 4820 na kwenda 4901. Yaani aina ya kwanza na ya pili zilikuwa mahali pake. Aina ya tatu ilikuwa kitabu, kitabu hasa mbele ya sheria, na kililipishwa kama daftari.

KWA NINI KUTAFUTA NENO HAKUTOSHI

Mprogramu akisikia hadithi hii, mkono unamwasha. Weka jedwali la ushuru kwenye hifadhidata, weka kisanduku cha kutafutia, mtu aandike "daftari", apewe nambari. Jioni moja, kazi imekwisha.

Jaribu uone. Andika "daftari". Daftari la darasani ni 4820.20. Daftari la madeni pale dukani, lile lenye majina yetu sote, ni kitabu cha hesabu, 4820.10. "Faili"? Faili la karatasi ngumu ni 4820.30, faili la plastiki ni 3926.10, sura ya plastiki kabisa. "Karatasi"? Rimu ya A4 ya gramu 80 ni 4802.56, kwa sababu kichwa hicho kidogo kinachukua shuka za gramu 40 hadi 150 ambazo upande mmoja hauzidi milimita 435 na mwingine hauzidi 297. Zigundishe shuka hizohizo juu ziwe pedi ya barua, zinahamia 4820.10.

Na mkoba wa mtoto mmoja unatembea karibu kitabu kizima cha ushuru. Penseli 9609. Kalamu 9608. Rula 9017. Kifutio cha mpira 4016. Gundi 3506. Kichongeo? Kichongeo kiko 8214, sura moja na visu na vijiko! Nilicheka peke yangu, halafu nikafikiri: kweli, ni wembe ndani ya kiboksi.

Msidhani ni ugonjwa wa Kiswahili chetu. Marekani kampuni ya Mead ilikuwa ikiagiza vitabu vya kupangia shughuli za siku, vyenye kalenda, nafasi ya kumbukumbu na anwani. Vilikuwa vikiingia bila ushuru. Mwaka 1993 forodha ikaamua kwamba hizo ni shajara zilizojalidiwa, kichwa 4820.10, ushuru 4%. Wakabishana kuhusu maana ya "shajara" na maana ya "kujalidiwa" mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Juni 2001, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilisema barua za namna hiyo za forodha haziwafungi majaji kama kanuni rasmi. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ikasema hazikuwa shajara zilizojalidiwa. Miaka tisa, kwa neno moja, katika lugha yao wenyewe.

Mzizi wake ni kwamba jina la kitu na aina ya kitu ni vitu viwili. Jina analitoa muuzaji, au mazoea. Aina inatoka kwenye kitu chenyewe: kimeundwa kwa nini, kimefungwaje, kinatumika vipi. Kisanduku cha kutafutia kinaliona jina tu. Hizi programu za akili unde za siku hizi zinaweza kupendekeza nambari kwa lugha tamu sana, lakini ukizipa "kitabu cha mazoezi" bila kuzieleza kilicho ndani, nazo zinabahatisha tu. Boksi halijafunguliwa.

KANUNI SITA

Habari njema ni kwamba mfumo wenyewe una algorithimu. Kuna kanuni kuu sita za kufasiri, na zinafuatwa kwa mpangilio. Kanuni ya 1: amua kwa maneno ya kichwa na maelezo ya sehemu na sura, majina ya sura ni ya kurahisisha kutafuta tu, hayana nguvu ya kisheria. Kanuni ya 2: kitu kisichokamilika au kilichofunguliwa vipandevipande, na vitu vilivyochanganywa. Kanuni ya 3: vichwa viwili vikigombania kitu kimoja, chukua kinachokitaja kwa umahususi zaidi, ikishindikana, angalia ni sehemu gani inayokipa kitu sura yake halisi, ikishindikana tena, chukua kile kinachokuja mwisho kwa hesabu ya nambari. Kanuni ya 4: kama hakuna kabisa, kipeleke kwa kinachofanana nacho zaidi. Ya 5 ni ya vifuko na vifungashio. Ya 6 inarudia utaratibu huohuo kwa vichwa vidogo.

Kile kipengele cha mwisho cha kanuni ya 3 kinanifurahisha. Mabingwa wa dunia walikaa, wakakubali kwamba kuna wakati hoja zinalingana kabisa, wakaweka kivunja sare: nambari kubwa ishinde. Kila mmoja wetu aliyewahi kupanga orodha amewahi kuandika mstari kama huo.

PROGRAMU YENYEWE

Basi nimeandika ukurasa mdogo wa wavuti. Hauna kisanduku cha kutafutia. Unauliza maswali, kwa Kiswahili, na mtu anajibu akiwa amekishika kitu mkononi:

1. Ni cha karatasi, au ni plastiki, chuma, mpira?
2. Ni shuka huru, au zimefungwa, zimeshonwa au zimegundishwa pamoja?
3. Kimechapishwa chochote ndani? Kama ndiyo, ukiiondoa chapa yote, mteja bado atakinunua kwa kazi ileile?
4. Anakitumia nani: mwanafunzi darasani, au ofisi na duka kwa kumbukumbu?

Swali la 3 ni langu, si la sheria, lakini linafanya kazi nzuri. Ondoa mistari na jedwali la kuzidisha kwenye daftari: bado litauzwa. Ondoa maswali kwenye kitabu cha hesabu: umebaki na makaratasi yenye nafasi za kujaza, na hakuna cha kujaza.

Kuna mahali kipimo hicho kinagonga mwamba: kitabu cha mwandiko. Ondoa herufi za nukta, mwalimu wa chekechea hakitaki tena, na hata hivyo maelezo ya ufafanuzi yanakibakiza 4820. Ndiyo maana katika msimbo wangu maelezo ya maandishi yanakaguliwa kwanza, na kipimo cha chapa kinakuja baadaye pale maelezo yanaponyamaza. Mpangilio huo si wa urembo. Ukiugeuza, unampotosha mtu kwa pesa zake.

Mambo mengine mawili kwa wanaotaka kuandika kitu kama hiki. La kwanza, hifadhi nambari kama maandishi, kamwe usizihifadhi kama tarakimu. Kahawa ni 0901, na Excel ikiachiwa itakula hiyo sifuri ya mbele ikupe 901. La pili, kiwango cha ushuru kiwe na tarehe na nchi. HS yenyewe inarekebishwa kila baada ya miaka kadhaa: 2007, 2012, 2017, 2022, na toleo linalofuata linaanza 2028. Juu ya hilo, kila mwaka wa fedha unapoanza Julai, gazeti rasmi la Jumuiya linatoka na viwango ambavyo nchi moja moja imeruhusiwa kuvitumia tofauti na wenzake. Kiwango cha Kenya na cha Tanzania kwa bidhaa moja vinaweza kutofautiana mwaka huohuo. Kwa sababu hiyo ukurasa wangu unatoa nambari tu, halafu unamwambia mtu akaangalie kiwango cha siku ya tamko lake.

NANI ANABEBA MZIGO

Kuna wanaoniuliza, kwani hii si kazi ya wakala? Ni kazi yake, naam. Lakini someni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Kifungu cha 147 kinamfanya wakala awajibike kama mwenye mali. Kifungu cha 148 kinamfanya mwenye mali awajibike kwa matendo na matamko ya wakala wake. Nambari ikipunguza ushuru isivyo halali, forodha inaweza kubisha hodi kwa shangazi. Nambari ikiuzidisha, hakuna atakayekuja kumwambia. Kwa njia zote mbili ni mali yake, na karatasi yenyewe imeandikwa kwa lugha ambayo yeye anaitafutia mkalimani.

Hilo ndilo linaloniuma. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtu wa Kinango anaweza kulipia kwa simu, kufuatilia meli kwa simu, hata kuona kontena lake liko wapi. Lakini maneno yanayoamua alipe kiasi gani hayamfikii kwa lugha anayofanyia biashara.

Njia za kujitetea zipo, na zina saa yake. Kabla mzigo haujafika, unaweza kuomba forodha wakupe uamuzi wa mapema wa uainishaji, kwa maandishi. Usiporidhika na uamuzi, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kuomba upitiwe upya. Ulicholipa kimakosa unaweza kukiombea marejesho ndani ya miezi 12. Shangazi siku 30 zilikuwa zimempita kabla hata hajaniita, lakini miezi 12 haikuwa imekwisha. Tumeandika barua, tukaambatanisha nakala ya kurasa tatu za kile kitabu cha hesabu, maswali yote yakionekana. Jibu bado tunalingoja, kwa hivyo siwezi kuwaahidi mwisho mtamu.

Wewe msomaji unayeagiza chochote, hata boksi moja, nakuomba kitu kimoja: mwombe wakala nakala ya tamko, tafuta tarakimu nane za kila mstari, kisha fungua boksi ulinganishe. Ukikuta vitu vitatu tofauti chini ya nambari moja, uliza kwa nini, na uulize mapema.

Na kama wewe ni mtu wa forodha au wakala na umeona mahali maswali yangu manne yanaposhindwa, niandikie. Najua kitabu cha kupaka rangi cha watoto kina kichwa chake, 4903, na tayari nimekiweka. Sasa hivi nahangaika na seti: daftari, penseli, kichongeo na rula ndani ya kifuko kimoja, bei moja. Kanuni ya 3 inasema nitafute kinachoipa seti sura yake halisi. Mimi nasema daftari. Mwenzangu anayefanya kazi bandarini anasema penseli. Nyinyi mnasemaje?